Usiitike Magofuni

Mueni alinipigia simu nikiwa nimekaa barazani kwangu Kiembeni napepeta mchele. Akaniambia, "Anti, Mama anakuita." Nikamwambia haya, mpe simu nizungumze naye. Akasema, "Hapana, Anti. Simu siku hizi hajui ni kitu gani. Anakuita tu. Tangu asubuhi amekaa chumbani anaita Mwanasha, Mwanasha, na sisi tukimwuliza Mwanasha gani, anatuangalia kama wezi tumeingia kumwibia." Ungo ukanielemea mikononi, nikauweka chini. Mama yake Mueni ni Wanza, na Wanza ni mwenzangu tangu tukiwa wasichana wa kuendesha baiskeli ng'ambo ya Likoni. Nilijua yuaumwa na maradhi haya ya kusahau. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alinishika mkono kwa adabu sana akaniuliza mimi ni dada wa kanisa gani, mimi na buibui langu! Watu walicheka pale sebuleni, na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nimeingiwa na hofu ambayo haikunitoka tena. Mtu aliyekujua ukiwa huna la kumficha akisahau jina lako, wewe unabaki na nani? Basi siku hiyo niliposikia jina bado analo, nilivaa buibui nikatoka, na mchele nikamwachia kuku.

Nyumba ya Wanza iko Changamwe, nyuma ya yadi ya malori. Ukiwa sebuleni unasikia trela zikirudi nyuma na utingo wakipiga ubavu wa gari, wakipiga kelele, lete, lete, lete. Mueni alinipokea mlangoni. "Shikamoo, Anti." "Marahaba, mwanangu. Yu wapi?" "Amelala kidogo. Kaa kwanza unywe chai." Nikakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufumwa, vile alivyovifuma Wanza mwenyewe mikono yake ilipokuwa ikimtii, nikapewa chai na mkate. Harufu ya muthokoi ilikuwa ikitoka jikoni, mahindi yale ya kukobolewa ambayo alikuwa akinilisha zamani kwa nguvu. Na huko jikoni nikamsikia Riziki, msichana anayemtunza, akimwambia Mueni kwa sauti ya chini, "Mimi nawaambia, msiwe mnamwitikia kila anapoita. Mkimwitikia ndiyo anazidi. Mwacheni, atanyamaza mwenyewe."

Nikakirudisha kikombe kwenye sahani. Riziki ni msichana mzuri, ana huruma na ana mikono safi, na pengine ndivyo alivyofundishwa. Lakini maneno hayo niliyasikia mara moja kabla ya hapo maishani mwangu, na wakati huo nilikuwa chini ya ardhi, mguu umevunjika, na aliyekuwa akiita nilikuwa ni mimi. Nikakaa pale na chai yangu inapoa, na mwaka ule wote ukanirudia, kuanzia karakana ya Ami Faraji.

Ami Faraji hakuwa ami yangu wa damu, lakini mtaa mzima wa Shika Adabu, pale Likoni, ulimwita hivyo. Alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati, fremu zimening'inia darini, tyubu ukutani, na harufu ya gundi na grisi inayokuingia hata kwenye mahamri. Siku moja walipita pale Wazungu wawili, mtu na mkewe, wametoka nchi ya Ayalandi, baiskeli ya mume imekatika mnyororo. Wakati wa kungoja wakamwonyesha picha za kwao: barabara nyembamba zinapita katikati ya majani mabichi, kuta za mawe pande zote mbili, ngome iliyobomoka, makaburi yamepinda, na watu juu ya baiskeli wamevaa makoti ya mvua wakicheka. Wakamwambia kwao watu hutoka mbali kuja kuendesha baiskeli hivyo, kupita mashambani mpaka kwenye magofu, wayatazame, wale, warudi. Walipoondoka walimwachia picha mbili, akazibandika ukutani, na kwa muda wa wiki nzima hakuna mteja aliyeingia pale bila kuzionyeshwa. "Hebu tazama," alikuwa akisema, "watu wanyeshewa na mvua, wachoka, wafika wapi? Kwenye ukuta uliovunjika! Na wafurahi! Sasa sisi kuta zilizovunjika hatunazo? Mvua hatuna? Mashamba hatuna?" Watu walimcheka. Yeye akanunua baiskeli kuukuu, akazifumua, akazipaka rangi, akaanza kutafuta watu wa kuongoza wageni.

Mimi nilikuwa najua kuendesha, tena najua vizuri, ingawa nilijifunza kwa kujificha. Msichana wa Kiislamu wa Likoni juu ya baiskeli enzi zile alikuwa tamasha. Nilikuwa natoka nimevaa buibui, nafika karakana nalivua nalikunja ndani ya kikapu cha mbele, nabaki na suruali pana na leso kichwani, na mpaka tupite Ng'ombeni moyo wangu ulikuwa ukinidunda kwa kuogopa kuonwa na mtu wa nyumbani. Wanza hakuwa na hofu hiyo. Yeye, Mkamba ambaye asili yake ni bara, alikuja kutoka Changamwe kutafuta kazi ya hoteli, akaikosa, akapanga chumba Likoni, na siku ya kwanza alipoingia karakana alipanda baiskeli ya kiume yenye mtaimbo, akazunguka uwanja, akasimamisha mbele ya Ami Faraji na kumwambia, "Hii breki yako ya nyuma ni ya mapambo, ama?" Ami Faraji alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso kuzuia kicheko. Kazi akapata papo hapo.

Watu wakisikia hadithi hii hudhani ulikuwa mwaka wa raha. Raha ilikuwapo. Lakini ninachokikumbuka hasa ni woga, na woga wa kwanza ulikuwa barabara kuu. Kutoka Likoni kuelekea kusini malori yalikuwa yakitupita hivi, upepo wake unakusukuma kando kisha unakuvuta ndani, na lami ilikuwa imeliwa pembeni. Ami Faraji alitufundisha jambo moja na kulirudia kila asubuhi tukiwa tunakula mahamri na mbaazi: "Ukisikia lori nyuma yako, usigeuke. Ukigeuza kichwa, na baiskeli yageuka. Wewe tazama mbele, shika usukani, na umwachie Mungu mgongo." Basi nilikuwa naendesha nimekaza meno, nasikia mngurumo ukija, ukija, na shingo yangu yote inataka kugeuka. Mpaka leo nikitembea barabarani gari likaja nyuma, sigeuki. Wajukuu wangu hunicheka.

Tukishapita Ng'ombeni tuliacha lami tukaingia njia za ndani, na hapo hata mimi nilikuwa nasahau kuogopa. Njia ya mchanga mwekundu, mikorosho pande zote, mashamba ya muhogo, nyumba za udongo na watoto wanatoka mbio wakipiga kelele. Wageni walikuwa wanasimama kila mara kupiga picha mbuzi. Tulikuwa tunapumzika kwa mama mmoja mchoma muhogo, anaupasua na kuupaka pilipili na ndimu, na Wanza alikuwa akiwahimiza Wazungu waongeze pilipili halafu anageuka pembeni kucheka machozi yakimtoka. Kisha tukawa tunateremka taratibu, breki zinalia, mpaka msitu unafunga juu ya vichwa, sauti za watoto zinakatika, na mbele yetu yanatokea magofu.

Sitayataja jina, kwani wenyewe wa pale hawakupenda yatajwe. Yalikuwa upande wa Tiwi, msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, paa limeanguka, kibla bado kimesimama, na makaburi yenye nguzo, na mizizi ya miti imekumbatia kuta. Palikuwa na kisima kimoja chenye ukingo wa mawe, tulikijua, tuliwaonya wageni wasikisogelee. Hewa ya pale ilikuwa baridi hata jua likiwaka. Na sheria ya pale aliitoa Ami Faraji siku ya kwanza kabisa, amesimama na baiskeli yake, hacheki: "Humu ndani hakuna kuitana majina. Mkitafutana, pigeni kengele, kwani wale wasioonekana kengele za chuma hawazipigi. Na lau utasikia jina lako laitwa saa ya jua la utosi, na aliyekuita humwoni kwa macho, usiitike. Nyamaza, soma unachokijua, ondoka. Ukiitika, umejitoa." Mimi sikuhitaji kuelezwa. Nililelewa nikijua hivyo, kwamba hata nyumbani ukiitwa mchana mkali na mtu usiyemwona, unakwenda kwanza kuchungulia. Wanza ndiye aliyeuliza, "Umejitoa kwa nani?" Ami Faraji akamjibu, "Kwa huyo aliyekuita."

Mwanzoni Wanza alifanya mzaha. Akitoka nyuma ya ukuta alikuwa akijiita mwenyewe kwa sauti nzito, "Wanzaaa," halafu anajiitika, "Niko huku, kujeni mnichukue!" Ami Faraji alikuwa anabadilika rangi. Alimwambia, "Mwanangu, wewe watoka bara, hujui. Nakuomba, si kwa ajili yangu." Na jioni, karakana ikifungwa, nikiwa ndani natundika tyubu, nilikuwa nikimsikia nje akizungumza na wazee wenziwe habari za binamu yake mmoja wa kike aliyekwenda kukata kuni pale, akaitwa, akasema abee, na tangu siku hiyo mpaka wanamzika hakusema neno jingine. "Abee tu," alisema Ami Faraji. "Ukimpa chakula, abee. Ukimpiga, abee." Nikimhadithia Wanza njiani, alikuwa akisema, "Wacha! Huyo alipata kiharusi, mwambieni aende hospitali." Lakini nilimwona akikanyaga pedeli kwa nguvu zaidi.

Kisha ikaja siku ambayo Wanza aliitwa. Tulikuwa tumewatoa wageni, tuko wote juu njiani tunafunga mizigo kwenye keria, na yeye akarudi peke yake kuchukua kofia ya mgeni mmoja. Akatoka kule anakimbia. Anakimbia hasa, kofia hana. Aliniambia chini kwa chini, meno yanagongana, "Mwanasha, ni nani ameniita? Nimesikia Wanza. Nikasema, nani? Nikazunguka. Hakuna mtu." Nikahesabu watu wetu kwa macho, wote walikuwa hapo. Usiku wa siku hiyo hiyo akapatwa na homa. Nilikuwa nakwenda kumtazama chumbani kwake Likoni, chumba chenye dirisha moja la mbao na jiko la mafuta kwenye kona, amejifunika blanketi mbili na kitanda kinatikisika. Daktari alisema ni malaria, na pengine ilikuwa malaria, ilikuwa ni msimu wake. Lakini Wanza alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Wallahi, mimi siitiki tena." Mkamba, Mkristo, anaapa wallahi! Nilitaka kucheka nikashindwa. Alirudi kazini amekonda, msalaba mkubwa shingoni, na magofuni akawa ndiye mwoga kuliko sisi wote. Hatoki ubavuni kwangu. Nikienda haja, yuasimama umbali wa hatua chache akinipigia kengele. Na Ami Faraji akampa neno lake la mwisho: "Sasa umeshajulikana jina. Siku utakayoitika tena, hapa kwangu basi. Siwezi kuja kumwambia mamako nimekupoteza."

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo masika yalipokwisha, tukaenda sisi watatu bila wageni kufyeka njia, kwani mvua ilikuwa imeotesha vitu hata ukuta haukuonekana. Tulifyeka tangu asubuhi. Jua lilipokuwa linakaribia utosi maji yakatuishia, na Ami Faraji akanituma dukani, mbali kiasi, juu barabarani. Nikaenda. Sikufika. Njiani nikakutana na mtu wa dafu, nikachukua madafu, nikaona badala ya kuzunguka njia nzima, nikate ndani kwa ndani nitokee nyuma ya msikiti. Baiskeli nikaiegemeza kwenye mti, na kengele yangu ikabaki hapo juu yake. Nikatembea juu ya zulia la majani na mizabibu mwitu, madafu mkononi. Hatua moja ardhi ilikuwapo. Hatua ya pili haikuwapo.

Kulikuwa na kisima cha pili. Hakuna aliyepata kutuambia, na pengine hakuna aliyekijua, mdomo wake ulikuwa umefunikwa na mimea. Niliangukia tope na majani yaliyooza, mguu wa kulia ukanikunjikia chini, nikasikia ulivyolia. Nilipoweza kuvuta pumzi nilitazama juu nikaona tundu la mwanga, mbali, linazibwa na majani yanayojirudisha mahali pake. Kulikuwa na giza, uvundo, na kitu kilichojiburura kwenye majani makavu upande wa pili kisha kikatulia. Mpaka leo sijui kilikuwa kitu gani. Nilikibana kinywa kwa mikono miwili. Halafu nikaanza kupiga kelele, na kila nilipopiga kelele mchanga na vijiwe vilinidondokea kutoka kwenye kuta, nikawa naogopa kunyamaza na naogopa kuita.

Nikasikia makubadhi. Nilimjua Ami Faraji kwa makubadhi yake, yalikuwa yakipiga kisigino, pwa, pwa. Yakaja mpaka karibu ya pale juu yangu. Nikaita, "Ami Faraji! Ami Faraji!" Makubadhi yakasimama. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, nimepona. Hayakusogea. Nikaita tena. Na hapo nikamsikia anasema kwa sauti ya kutetemeka, "Audhu billahi mina shaitani rajim," kisha akaanza kusoma Ayatul Kursi, harakaharaka, na makubadhi yakageuka yakaanza kwenda zake.

Nilielewa mara moja. Hilo ndilo lililonitisha kuliko giza na kuliko kile kitu cha kwenye majani: nilielewa. Yeye alijua Mwanasha katumwa dukani, yuko juu barabarani na baiskeli yake. Jua liko utosini. Na sauti ya Mwanasha inatoka ardhini, magofuni, inamwita jina lake. Mimi ningekuwa juu na yeye chini, ningefanya vilevile, ningesoma na kukimbia. Nililelewa vizuri. Sote wawili tulilelewa vizuri, na nilikuwa nakwenda kufa kwa malezi hayo.

Nikawasikia wakikutana mbali kidogo, yeye na Wanza. Kisima kilikuwa kinaleta sauti zao zimekatikakatika. "Twende, mwanangu, shika baiskeli." "Kuna mtu anaita." "Si mtu." "Ni Mwanasha!" "Mwanasha nimemtuma dukani, wewe wamwona hapa? Baiskeli yake waiona? Laniita mimi, sasa litakuita wewe. Usiitike. Laona twaondoka, litanyamaza lenyewe." Nikasikia minyororo, spoki zinapigwa na majani, baiskeli zinasukumwa. Nikaita, "Wanza! Wanza!" mpaka sauti ikapasuka. Jiwe likanipiga begani. Baiskeli ziliendelea kwenda, sauti ya minyororo ikawa ndogo, ikapotea. Nikakaa kwenye tope. Nilisoma shahada. Nilikuwa bado msichana, na nilikuwa naogopa kufa mahali ambapo hata nikilia watu watakimbia.

Kisha nikasikia, "Mwanasha!"

Mtacheka, lakini sikuitika. Sauti ilikuwa ya Wanza, lakini simwoni, na jua ni la utosi, na wale nimewasikia kwa masikio yangu wakiondoka. Huyu ni nani basi? Nikaufumba mdomo. "Mwanasha!" Kimya. "Mwanasha, wacha ujinga, itika!" Lo, jini gani lingenitukana hivyo! Nikapiga ukelele, "Abee! Abee, Wanza, niko chini!" Naye akajibu, analia, namsikia analia, "Sikuoni! Niite tena. Endelea kuniita, usinyamaze, nakuja." Nikamwita. Mchanga ukanimwagikia kichwani, nikamwita. Kila nikiita yeye aliitika, niko huku, nakuja, niite, na sauti yake ikawa inakaribia kwa polepole, kwa sababu alikuwa anatambaa kwa magoti akipapasa ardhi kwa panga asije akaanguka na yeye. Mwisho majani yakatanuka na uso wake ukatokea kwenye lile tundu, umejaa kamasi na machozi, na msalaba unaning'inia.

Ami Faraji alirudi alipowasikia watu wawili wanaitana na kuitikana. Waliunganisha buibui langu la kikapuni na leso za Wanza na tyubu za baiskeli zote tatu, wakafunga kwenye mti, na Wanza akashuka nusu kunifunga kifuani. Nilipotolewa Ami Faraji hakuweza kunitazama. Alikaa chini kwenye majani, akavua kofia yake, akalia kilio cha mwanamume mtu mzima, anasema, "Nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia." Nikamwambia najua, Ami, usilie. Sikumlaumu, wala baadaye sikumlaumu. Lakini baiskeli za magofuni aliziuza mwaka huohuo, na zile picha za Ayalandi akazibandua ukutani. Aliendelea kuziba pancha mpaka Mungu alipomchukua.

Nilipokuwa nimelala na plasta mguuni, Wanza alikuja na sufuria ya muthokoi akanilazimisha kula. Nikamwuliza. Nilitaka sana kujua. Nikamwambia, wewe uliapa. Wewe ulikuwa unaogopa hata kuliko Ami Faraji, na kazi ulikuwa unaipoteza. Ulijuaje kuwa ni mimi? Akaendelea kuchota na kijiko, hanitazami. "Sikujua," akasema. "Nilisukuma baiskeli mpaka pale juu, miguu yangu ikakataa. Ile sauti ilikuwa imeogopa, Mwanasha. Nikajiuliza, jini litaogopa nini?" Akatia kijiko mdomoni mwangu. "Hata kama lingekuwa jini. Limeogopa."

Chai ilikuwa imeshapoa kabisa na Mueni alikuwa amekuja kukaa karibu yangu. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, lete, lete. Alikuwa anazungusha simu mikononi, akaniambia ana hofu na mama yake, mchana ndiyo mbaya, jua likipanda tu anaanza kuzunguka chumbani akigusa kuta, anatafuta mlango na mlango uko pale pale. "Anti, sijui anaona nini," akasema. "Hata mimi mtoto wake simtoi huko." Nilitaka kumfariji. Lakini na mimi nilikuwa naogopa vilevile. Niliogopa nitaingia mle ndani aniulize tena mimi ni wa kanisa gani, na hapo nitakuwa nimebaki peke yangu na mwaka ule, hakuna tena mtu duniani wa kusema ulikuwapo.

Ndipo ikatoka chumbani, nyuma ya mlango uliorudishwa, sauti nyembamba, imepasuka. "Mwanasha!"

Riziki akatokeza kichwa jikoni akatikisa kidogo, kama kusema, mwacheni. Mueni akanitazama. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia adhuhuri. Na mimi, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, nilisimama kwa ule mguu wangu ambao haukupata kunyooka sawasawa, na nilisikia kwenye sauti ile kitu kimoja tu, kwamba imeogopa.

"Abee!" nikaitika, kwa sauti ya kusikika yadi nzima. "Abee, Wanza!"

Pole pole, kutoka kule ndani: "Uko wapi? Sikuoni."

"Niko huku," nikasema, mkono wangu unapapasa kochi, unapapasa ukuta, naelekea mlangoni. "Niite tena. Endelea kuniita, usinyamaze. Nakuja."